Maparoni, ambako fundi simu wa nyumba ni mtoto

Kwenda Maparoni hupangi kwa saa ya mkononi, unapanga kwa maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku vipindi hivyo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo nahodha aliyeondoka jana saa nne, leo ataondoka saa tano kasoro. Ukimchelewesha, boti inakwama kwenye tope na abiria wote mnakaa mkitazama kaa wakipita mpaka maji yarudi.

Kutoka Dar es Salaam njia ni ile ya Kilwa: Mbagala, Mkuranga, mpaka Bungu. Hapo unaiacha barabara kuu, unakata kushoto kuelekea Nyamisati, bandari ndogo ambayo wasafiri wa Mafia nao huitumia. Baada ya Nyamisati nchi kavu imekwisha. Maparoni ni moja ya kata za delta ya Rufiji katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, pamoja na jirani zake Mbuchi, Msala, Kiongoroni na Salale. Ukitaka kutoka kata moja kwenda nyingine, unauliza kwanza kama maji yamejaa.

Kabla boti haijaondoka, nahodha alipitisha ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Nilidhani ni nauli. Wenzangu wakaanza kutumbukiza simu. Mama mmoja aliyebeba kuku wawili alinitazama nikiishika yangu mkononi, akasema, "Mwanangu, izime au uiweke kwenye ile alama ya ndege. Ukiiacha inatafuta mtandao njia nzima, ukifika huna chaji."

Alikuwa sahihi. Simu iliyo mbali na mnara haipumziki. Huongeza nguvu ya kutafuta na kutangaza kwamba ipo, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Ndiyo maana simu inayodumu siku mbili mjini hufa kabla ya magharibi shambani, na wengi hukimbilia kununua betri mpya wakati betri haina kosa. Kijialama cha ndege, ambacho sisi wa mjini tunakijua kwa ajili ya viwanja vya ndege tu, kule ni cha kila safari ya mtumbwi. Na kina kazi ya pili: simu ikigoma kushika mtandao hata mahali penye mtandao, washa alama hiyo, hesabu mpaka kumi, kisha izime. Simu inalazimika kujitambulisha upya kwa mnara. Mara nyingi hiyo inatosha, bila kuchomoa laini wala kwenda kwa fundi.

Mikoko inaanza mara tu unapoiacha bandari. Hii ndiyo misitu mikubwa ya mikoko kupita yote katika pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukiwa ndani yake unaona ukuta wa kijani kushoto, ukuta wa kijani kulia, na mkondo unaogawanyika mara tatu bila kibao chochote. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humu kuanzia mwaka 1914, na Waingereza walihangaika nayo kwa miezi. Julai 11, 1915 ndipo walipoimaliza. Ndege ilizunguka juu ikitazama makombora yanaangukia wapi, ikawa inatuma habari kwa redio ya upepo kwenye meli zilizokuwa zinapiga bila kuona shabaha. Mawasiliano yasiyo na waya, kwa hiyo, yameingia delta zamani sana. Kilichochelewa ni kumfikia mwenye shamba la mpunga.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa watoto wanne. Ilikuwa Desemba, na binti yake wa kwanza alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, nje ya delta. Nyumba nzima ilikuwa na furaha. Sanduku la bati limeshanunuliwa, ndoo imeshaandikwa jina. Lakini usiku, baada ya wali na kamba, mama alisema jambo ambalo nadhani linasemwa katika nyumba nyingi, tena si za delta peke yake.

"Huyu akiondoka, simu yangu itabaki na nani?"

Binti ndiye aliyekuwa akinunua bando. Ndiye aliyesoma ujumbe wa kikundi cha wazazi na kuujibu. Hela ikitumwa na baba yao aliyeko Dar, binti ndiye aliyekwenda kwa wakala, kwa sababu namba ya siri aliijua yeye. Mama alijua kitu kimoja: kupokea. Na sasa mtoto anakwenda kuishi mahali ambapo habari zake zote, ugonjwa, michango, siku ya kufunga shule, zitakuja kupitia kifaa ambacho mama hajui kukifungua.

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa kwenye kioo cha simu, usicheke. Jiulize ni mambo mangapi ya simu yako unamwita mtoto.

Tulikuwa na siku tatu. Nilipendekeza sheria moja, na mama akaishika kwa ukali kuliko nilivyotarajia: binti anafundisha, lakini mikono yake iko nyuma. Haruhusiwi kugusa simu. Watoto wetu hawana uvumilivu, unawauliza kitu, wananyakua, vidole vinapita mara nne, wanakurudishia, "tayari mama." Tatizo limekwisha, hujajifunza lolote. Mikono ikiwa nyuma, mtoto analazimika kutafuta maneno, na mzazi analazimika kutafuta alama.

Tulianza na lugha, kwa sababu simu ile ilikuwa ya Kiingereza tangu dukani. Mama anasoma Kiswahili vizuri, tena bila miwani. Miaka miwili alikuwa akijiona hajui simu, kumbe hakujua Kiingereza tu. Simu janja nyingi za Android zina Kiswahili ndani yake. Unafungua mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, unatafuta sehemu ya lugha (katika simu nyingine imefichwa ndani ya sehemu ya mfumo), unachagua Kiswahili. Baadhi ya maneno yatakuchekesha. Mama alipoona "hali ya ndegeni" alicheka mpaka akaweka simu chini. Lakini kuanzia pale akaacha kuuliza "hapa pameandikwa nini" na kuanza kuuliza "sasa hii inafanya nini", na hilo ni swali jingine kabisa.

Kulikuwa na malalamiko ya siku nyingi kwamba simu "haipokei picha". Kikundi cha wazazi kilituma orodha ya mahitaji ya shule kwa picha, wengine wameiona, yeye anaona ukungu tu. Bando lipo. Sababu ilikuwa kujaa. Simu ilikuwa imejaa video za harusi, mahubiri, vichekesho na salamu za asubuhi zenye maua, zote zikijipakua zenyewe kila ilipokutana na mtandao, na zote zikila bando. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio yake, kuna sehemu ya hifadhi na data. Humo unaweza kuona vitu vikubwa vikiwa vimepangwa kuanzia kizito kabisa, ukafuta video kumi tu na kupata nafasi kubwa. Hapo hapo unazima kupakua kiotomatiki, ili kitu kishuke pale tu unapokigusa. Ilichukua nusu saa, kwa sababu mama alitaka kuitazama kila video kabla ya kuifuta. Ni haki yake. Orodha ikafunguka: magodoro ni ya futi mbili na nusu, wao walishanunua la futi tatu.

Wenye kitochi msijione mmesalimika. Kitochi nacho hujaa ujumbe mfupi, na kikijaa, ujumbe mpya haushuki. Hukaa mtandaoni kwa muda tu, kisha hupotea. Ukiona kialama cha bahasha kinamweka bila kuacha, futa ujumbe wa zamani, hasa matangazo.

Kuna hitilafu nyingine niliyoikuta kwa jirani. Simu yake ilikuwa imezimika siku kadhaa, ilipowashwa ikawa inasema iko mwaka mwingine kabisa. WhatsApp ikakataa kufunguka, tovuti zikawa zinatoa onyo kwamba si salama. Jirani aliamini ameibiwa akaunti. Ni tarehe tu. Mitandao hukagua tarehe kabla ya kuamini mlango, na simu yenye tarehe ya uongo hufungiwa nje. Rekebisha tarehe na saa, au ruhusu simu ichukue saa ya mtandao yenyewe, kila kitu kinarudi.

Umeme wa nyumba ile ulitoka kwenye paneli ndogo ya sola juu ya paa, na waya wa simu ulichomekwa moja kwa moja. Wingu likipita, chaji inakatika. Wingu likiondoka, inaanza tena. Asubuhi nzima simu inaita kengele ya kuchomekwa na kuchomolewa, imelala kwenye bati la moto. Joto ndilo adui wa betri kuliko matumizi yenyewe. Ni afadhali jua lijaze betri ya sola au pawabenki kwanza, kisha simu ichaji jioni, kivulini, kwa mkondo uliotulia. Na betri ikivimba, kava la nyuma likainuka kama andazi, usiibonyeze irudi wala usiichaji tena. Iache.

Sasa nije kwenye maji, maana huwezi kuandika juu ya delta ukayakwepa.

Simu ikianguka mtoni, Maparoni kama kwingineko wataizika kwenye mchele. Na mchele upo. Hii ni nchi ya mpunga, na madungu ya kulindia mashamba dhidi ya nguruwe na ndege unayaona njia nzima. Lakini mchele hausaidii kama tunavyodhani. Hewa ya kawaida inayopita inakausha vizuri kuliko gunia, na vumbi na chenga za mchele huingia kwenye tundu la chaji. Mapema mwaka 2024 kampuni ya Apple iligonga vichwa vya habari duniani kwa kuwaambia wateja wake waziwazi wasiziweke simu zilizolowa kwenye mchele.

Kinachoua simu ni umeme kupita wakati kuna maji ndani. Kwa hiyo mtu akiokota simu majini, hatua ya kwanza ni ile ambayo mkono hautaki kuifanya: izime, usijaribu kama bado inafanya kazi. Kama betri inatoka, itoe. Toa laini. Usiichaji. Iweke tundu la chaji likitazama chini, mahali penye upepo na kivuli, siku nzima au mbili. Usiianike juani wala jikoni. Kama ni maji ya chumvi, na katika delta karibu na bahari ni ya chumvi au nusu yake, kukausha peke yake hakutoshi, kwa sababu maji yakiondoka chumvi inabaki na kuanza kula madini ya ndani. Simu hiyo ifike kwa fundi haraka, aifungue na kuisafisha, hata kama imewaka na inaonekana nzima. Wengi hushangaa simu kufa wiki mbili baada ya kuanguka, wakasema ni uchawi wa mtandao.

Siku ya pili tulizungumza hela, na hapo binti akanyamaza kidogo. Mama alitaka abadilishe namba ya siri, aiweke anayoijua yeye. Si kwamba alimshuku mtoto. "Mtoto akiulizwa na wenzake bwenini, yeye ni mtoto," alisema. Nilikubaliana naye kabisa. Mtoto anayebeba namba ya siri ya mzazi anabeba mzigo usio wake, na siku hela zikipungua atakuwa wa kwanza kutazamwa. Mama alibadilisha kupitia menyu ya nyota na reli, ile isiyohitaji bando, na akaagizwa asiweke mwaka wa kuzaliwa. Aliweka namba ambayo hakutuambia. Hilo lilimfurahisha kuliko yote ya siku ile.

Jioni ile ile, kana kwamba umeagizwa, ukaingia ujumbe tunaoufahamu wote: ile hela nitumie kwenye namba hii, ya kwangu ina matatizo. Mzazi mwenye mtoto bweni ndiye windo lenyewe. Wiki ya kufungua shule huja na sura nyingine: mwanao ameugua, tuma haraka. Hapo binti alimwonyesha mama, mikono ikiwa nyuma, jinsi ya kuupeleka ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo, na jinsi ya kupiga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kisha wakakubaliana kitu ambacho simu haina: neno la siri la familia. Mtu yeyote atakayepiga akisema yuko na mtoto, ataulizwa neno hilo. Sitaliandika hapa, ila nitasema tu kwamba ni jina la kuku.

Kwenye kompyuta mama hakufika, na Maparoni hakuwa na haja nayo. Ila kompyuta ilikuwa imeshaingia maishani mwake bila yeye kuigusa. Fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule ilichapwa steshenari Kibiti mjini, safari ya boti na basi kwa karatasi chache. Kijana wa steshenari aliifungua kwa barua pepe yake mwenyewe. Kwa fomu ya kupakua si hatari kubwa. Hatari iko mbele, miaka minne ijayo, mtoto atakapobadilisha machaguo yake kwenye Selform ya TAMISEMI, na baadaye akiomba mkopo HESLB. Mifumo ya namna hiyo ikitaka kukurudishia neno la siri ulilosahau, hutumia simu au barua pepe uliyoandikisha. Ikiwa ni ya kijana wa steshenari, na kijana amehamia Mtwara, mlango umefungwa. Mwambie aandike namba yako, au barua pepe ya mtoto mwenyewe, na neno la siri mliandike nyinyi. Kabla ya kuinuka kwenye kiti hakikisha ametoka kwenye akaunti, maana kufunga dirisha tu si kutoka. Na faili ile ya fomu aitume kwenye simu yako, ili ikilowa njiani usirudi Kibiti kulipa tena.

Kuna watu mjini wataona haya ni mambo madogo. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba zikaenda na maji. Wiki chache baadaye kikaja kimbunga Hidaya, ambacho Mei 4 kilitua Mafia, ng'ambo ya delta hii. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza tahadhari mapema. Lakini tahadhari ni ya aliye na simu yenye chaji, isiyojaa, ambayo mwenyewe anaweza kuisoma. Siku za namna hiyo mazungumzo ya sauti hukatika, wakati ujumbe mfupi hupenya, kwa sababu ni mwepesi na husubiri mnara upate nafasi. Redio ya kwenye simu haihitaji bando wala laini. Simu nyingi hutaka tu waya wa masikioni uchomekwe uwe antena. Na ramani ya simu hukuonyesha ulipo hata pasipo na mtandao, kwa kuwa husikiliza setilaiti, mradi ramani ya eneo uliipakua mapema. Nahodha wetu alikuwa nayo. Aliipakua Nyamisati.

Asubuhi ya mwisho mama aliniletea daftari la mtoto, lenye kurasa zilizobaki za darasa la saba. Binti alikuwa ameandika namba zote muhimu kwa mkono, maana simu ikizama, majina huzama nayo. Kulikuwa na namba ya baba, ya wakala, ya nahodha, na tarakimu 15 zinazotokea ukipiga *#06#, ambazo ni kitambulisho cha simu yenyewe ikiibiwa. Namba ya mwalimu wa bweni iliandikwa mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa zaidi na kwa mwandiko wa mama.